Kwa Nini Kichwa Kinachovuta Vizuri Tambarare Hushindwa Mlimani: Hesabu ya Mshiko Kwenye Treni za Modeli

Behewa la saba ndilo lililonifundisha. Nilikuwa nimejenga mnara wa reli wa kipimo cha HO (modeli iliyo sehemu 1 ya 87 ya treni halisi), ule unaopanda kwa kuzunguka kama ngazi za mnara wa taa, ili treni itoke meza ya chini ifike meza ya juu. Kichwa kilikuwa na mabehewa 12 nyuma yake. Tambarare kilikuwa kimeyavuta siku nzima bila shida yoyote. Kikaingia mnarani, behewa la kwanza likafuata, la pili, la tatu, mwendo ukapungua taratibu. Behewa la saba lilipokanyaga mwinuko, treni ikasimama.

Mota haikusimama, ni treni tu iliyosimama. Nikainama hadi jicho likawa sawa na reli, nikaona magurudumu ya kichwa yanazunguka palepale, kwa kasi ileile, huku ndoano ya behewa la kwanza haisogei hata unywele. Nilipokisogeza kichwa, juu ya reli palikuwa na madoa madogo yanayong'aa pale gurudumu lilipokuwa likisugua.

Wengi tukifika hapo tunakimbilia kusema injini ni dhaifu, kisha tunaongeza volti. Volti haisaidii kitu hapo. Gurudumu linaloteleza tayari lina nguvu ya kutosha. Kilichokosekana ni mshiko. Ukiongeza volti, gurudumu litateleza haraka zaidi, basi. Na mshiko una hesabu yake, nyepesi kiasi cha kufanywa nyuma ya bahasha. Ukishaielewa utajua kabla ya kukata ubao wa kwanza treni yako itapanda na mabehewa mangapi.

Mshiko unatoka wapi

Uwezo wa kichwa kuvuta una mpaka mmoja usiopitika: uzito ulio juu ya magurudumu yanayozungushwa na mota, ukizidishwa na kizigeu cha msuguano kati ya gurudumu na reli, yaani namba inayoonyesha gurudumu linaishika reli kiasi gani. Chuma kwa chuma kwenye reli halisi kavu, kizigeu hicho hukaribia 0.3. Kwenye modeli, ambako magurudumu ya chuma hupita juu ya reli za aloi ya shaba, nikeli na zinki, mimi hufanya hesabu kwa 0.2, na mara nyingi napata jibu lisilo mbali na ukweli.

Kichwa changu kina gramu 300, ni modeli ya kichwa cha dizeli, na magurudumu yake yote yanazungushwa. Kwa hiyo 300 mara 0.2 ni 60. Maana yake kinaweza kuvuta kwa nguvu inayolingana na kunyanyua gramu 60 wima. Baada ya hapo kinateleza, hata ukikifungia mota ya cherehani.

Unaweza kulipima jambo hili mwenyewe kwa dakika tano. Funga uzi kwenye ndoano ya kichwa, upitishe juu ya kapi dogo kwenye ukingo wa meza, na mwisho wake uning'inize kikombe chepesi cha karatasi. Washa mwendo wa polepole. Kichwa kitapandisha kikombe. Ongeza mchanga kijiko kwa kijiko hadi magurudumu yaanze kuteleza na kikombe kisimame hewani. Kipime kikombe na mchanga wake kwenye mizani ya jikoni. Namba utakayoisoma ndiyo mvuto halisi wa kichwa chako, na ina thamani kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. Changu kilisimamia gramu 60.

Sasa mabehewa. Behewa la modeli halisogei bure: ekseli zinasugua kwenye mashikio yake, gurudumu linasugua reli. Behewa langu moja lina gramu 100. Ili kujua ugumu wake niliweka reli ya mita moja juu ya ubao, nikainua upande mmoja polepole huku nikiligusa behewa kwa kidole ili kuliamsha. Lilianza kubingirika lenyewe na kuendelea pale ubao ulipoinuka sentimita 2. Kwa hiyo ugumu wake ni asilimia 2 ya uzito, yaani gramu 2 kwa behewa.

Gramu 60 ukizigawa kwa 2 unapata mabehewa 30. Ndiyo maana tambarare treni ya mabehewa 12 ilionekana mzaha.

Mlima unadai nini

Mwinuko wa asilimia 2 ni kupanda sentimita 2 kwa kila sentimita 100 za mwendo. Kwa macho ni kama hakuna kitu. Weka marumaru mezani na hutajua kama meza imeinama mpaka ianze kukimbia. Lakini kwa treni kila gramu 100 iliyopo kwenye mwinuko huo inavutwa kurudi nyuma kwa gramu 2. Behewa lililokuwa likidai gramu 2 sasa linadai 4.

Halafu kuna deni ambalo watu husahau karibu kila mara: kichwa nacho kinapanda. Gramu zake 300 kwenye asilimia 2 zinarudi nyuma kwa gramu 6, na hizo hukatwa kwenye ile 60 kabla behewa hata moja halijahesabiwa. Zinabaki 54. Gawanya kwa 4, unapata mabehewa 13. Mwinuko ambao jicho halikuuona umekula zaidi ya nusu ya treni.

Kwa asilimia 3 zinabaki gramu 51, kila behewa linadai 5, mabehewa ni 10. Kwa asilimia 4 zinabaki 48, kila behewa linadai 6, mabehewa 8. Angalia jinsi anguko kubwa lilivyo mwanzoni: kutoka 30 hadi 13 kwa asilimia 2 za kwanza, kisha kila asilimia inayofuata inachukua mawili au matatu tu. Anayejenga njia huwa anabishana na nafsi yake kama atumie asilimia 3 au 3.5, ilhali uamuzi mzito zaidi alishaufanya alipokubali kuwa na mlima.

Na hapa kuna jambo linalonivutia sana, kwa sababu ni kinyume cha wanavyodhani wengi. Husemwa kwamba treni ndogo inaumizwa na mlima kuliko treni kubwa. Kwa uwiano, ni kinyume kabisa. Behewa halisi la mizigo, lenye beringi nzuri, hudai tambarare asilimia 0.1 hadi 0.2 tu ya uzito wake. Lipandishe mwinuko wa asilimia 2 na deni lake linaongezeka zaidi ya mara 10. Behewa la modeli deni lake linaongezeka mara mbili. Ndiyo sababu wahandisi wa reli halisi waliogopa miinuko ambayo sisi tunaijenga bila kuwaza. Lickey kule Uingereza, kati ya Bromsgrove na Blackwell, ina mwinuko wa 1 kwa 37.7, yaani kama asilimia 2.65, kwa urefu wa takribani kilomita 3. Kwa ajili ya kilima hicho kimoja kilijengwa mwaka 1919 kichwa cha mvuke chenye magurudumu 10 ya kuvuta, kilichopewa jina la utani Big Bertha, na kazi yake mpaka kilipostaafishwa mwaka 1956 ilikuwa kusukuma treni kutoka nyuma. Njia ya Gotthard ya Uswisi, iliyofunguliwa mwaka 1882, iliizungusha reli ndani ya milima kwa mahandaki ya mviringo ili tu mwinuko usizidi sana asilimia 2.7.

Funzo la kiufundi kwa mwenye modeli ni hili: kwa kuwa ugumu wa mabehewa yetu unakaribia ukubwa wa mwinuko wenyewe, kurekebisha ekseli kunalipa karibu sawa na kupunguza mlima. Behewa linalobingirika kwa asilimia 4, na nimekutana nayo, linadai kwenye tambarare kile ambacho behewa zuri linadai kwenye mlima wa asilimia 2. Pima kila behewa kwenye ubao. Yale mabishi yatoe, tazama kama unyuzi wa zulia au nywele imejisokota kwenye ekseli (mara nyingi ndivyo ilivyo), weka ekseli za chuma zenye ncha kali badala ya za plastiki, hakikisha ziko sambamba. Ni kazi ya jioni moja, na wala haiongezi gramu hata moja kwenye kichwa.

Uzito wa behewa nao una kishawishi chake. Behewa jepesi mno linaruka reli, kwa hiyo tunaliongezea uzito. Chama cha wanamodeli wa Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO aunsi 1 pamoja na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, hivyo behewa la inchi 6 litakuwa na aunsi 4, karibu gramu 113. Ni pendekezo zuri. Lakini kila gramu unayoongeza juu ya hapo kwa ajili ya "kulituliza" behewa utailipa mlimani.

Kona ndiyo mlima usioonekana

Turudi kwenye mnara. Nusu kipenyo chake kilikuwa sentimita 60, kwa hiyo mzunguko mmoja ni sentimita 377. Kila mzunguko unapanda sentimita 9 ili treni ya chini ipite bila kugonga ubao wa juu. Sentimita 9 kwa 377 ni asilimia 2.4. Kwa hesabu ya hapo juu, kichwa changu kwenye mwinuko ulionyooka wa asilimia 2.4 kinabaki na gramu 52.8, kila behewa linadai 4.4, na jibu ni 12 kamili. Nilipiga hesabu hiyo kabla ya kujenga. Ndiyo iliyonipa ujasiri, na ndiyo iliyoniponza.

Nilisahau kona. Gurudumu la treni limefungwa imara na mwenzake kwenye ekseli moja. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo mojawapo lazima liteleze kidogo, na ukingo wa gurudumu nao unasugua ubavu wa reli. Kona zetu ni kali kupita kiasi: sentimita 60 kwenye HO, ambayo ni 1 kwa 87, ni sawa na mita 52 kwenye reli halisi, kona ambayo treni kubwa ya abiria isingethubutu kuingia.

Ipo kanuni ya zamani ya wanamodeli wa HO: gawanya 32 kwa nusu kipenyo kilichopimwa kwa inchi, na jibu liongeze kwenye asilimia ya mwinuko. Kwa sentimita, gawanya 81. Si sheria ya fizikia, ni makadirio, lakini yamenisaidia. Kwa sentimita 60 kona inaongeza asilimia 1.35. Mnara wangu wa asilimia 2.4 kumbe ulikuwa mlima wa asilimia 3.75. Kichwa kinabaki na gramu 49 hivi, kila behewa linadai 5.75, na jibu ni mabehewa 8.

Basi kwa nini ilikwama kwenye la saba, si la tisa? Kwa sababu mabehewa matano yaliyokuwa bado tambarare nayo yalikuwa yanadai gramu zao mbilimbili. Jumlisha deni la kichwa, mabehewa sita ya mnarani na sita ya nje, unapata karibu 58. Behewa la saba linapotoka tambarare na kuingia mnarani linaongeza 3.75, na mpaka wa 60 unavukwa. Nilipoliona hilo kwenye karatasi, likilingana na kilichotokea mbele ya macho yangu, nilifurahi kuliko ningefurahi kama treni ingepanda.

Kuna hatari nyingine ya kona ya mlimani: treni ndefu inapovutwa kwa nguvu, uzi mzima wa mabehewa unataka kunyooka, na behewa jepesi la katikati linavutwa kuelekea ndani ya kona mpaka linalala. Usiweke mabehewa mepesi mbele na mazito nyuma.

Pale mlima unapoanza

Mpindo wa ghafla kati ya tambarare na mwinuko hauingii kwenye hesabu ya gramu, lakini unaangusha treni nyingi. Kichwa kirefu kikifika hapo, gurudumu la katikati linaweza kuning'inia hewani. Uzito wake umehama, mshiko umepungua, na pengine umeme nao umekatika. Ndoano zinapishana kimo na mabehewa yanaachana. Mimi hutanguliza kipande cha sentimita 30 chenye nusu ya mwinuko kabla ya mwinuko kamili, na hufanya vivyo hivyo kileleni. Kipande hicho kinaurefusha mlima, na urefu ndio adui wa kila meza: kupanda sentimita 7.5 ili kupita juu ya njia nyingine kunataka mita 3.75 kwa asilimia 2, au mita 2.5 kwa asilimia 3. Nafasi ikibana, shusha njia ya chini nusu na uinue ya juu nusu. Kila moja itakuwa na kazi ndogo.

Kuongeza mshiko

Njia ya kwanza ni uzito, na hapa mahali ni muhimu kuliko wingi. Uzito unaokaa juu ya magurudumu yasiyozungushwa ni mzigo mtupu: unapandishwa mlimani lakini haushiki reli. Chukua kichwa cha mvuke cha gramu 300 chenye magurudumu sita ya kuvuta yaliyobeba gramu 200, zilizobaki zikiwa juu ya magurudumu madogo ya mbele na nyuma. Mvuto wake ni gramu 40, si 60, lakini mlima unakidai kwa gramu zote 300. Kwenye mnara wangu kingebaki na gramu 29 na kupandisha mabehewa matano. Ukiwa nacho, angalia kwanza springi ya magurudumu ya mbele. Ikiwa kali mno inakiinua kichwa na kuyapora magurudumu ya kuvuta uzito wake. Kuilegeza kunaweza kuleta zaidi ya kuongeza risasi.

Uzito wa nyongeza uwekwe ili kitovu cha uzito kiwe katikati ya magurudumu ya kuvuta. Risasi ni rahisi kuikata lakini ni sumu. Nawa mikono, usiipige tupa mahali unapokula. Tungsteni ni ghali zaidi ila ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, risasi 11.3. Ndani ya kichwa chenye mota, gia na dekoda (kifaa kidogo kinachopokea amri za mwendo), tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bodi itafunga.

Usizidishe. Kichwa kizima kiafya huteleza kabla mota haijakwama, na kuteleza huko ndiko kinga yake. Baada ya kuongeza uzito, kizuie kwa mkono juu ya reli huku umeme ukiwa juu. Magurudumu yakizunguka, salama. Yakisimama na mota ikaanza kunguruma, zima mara moja na upunguze, la sivyo utaunguza mota au dekoda.

Njia ya pili ni mikanda ya mpira kwenye baadhi ya magurudumu. Inashika vizuri mno, lakini gurudumu lenye mpira halipokei umeme, mpira unachakaa, na unaacha uchafu kwenye reli. Kwa kichwa kifupi chenye magurudumu machache naona hasara inazidi faida.

Ya tatu ni sumaku, na kwa fikra ndiyo nzuri kuliko zote, kwa kuwa inakikandamiza kichwa kwenye reli bila kukiongezea uzito wa kupandisha. Kampuni ya treni za modeli ya Tri-ang iliitumia zamani kwa jina la Magnadhesion, reli zilipokuwa za chuma. Reli za leo za nikeli na shaba hazivutwi na sumaku, kwa hiyo kampuni ya DCC Concepts ikaja na bamba za chuma zinazolazwa chini ya reli, mlimani tu, na sumaku chini ya kichwa.

Reli halisi humwaga mchanga mbele ya gurudumu. Kwetu mchanga ungeua gia. Sisi tuna usafi. Tone moja la mafuta lililopakwa na ekseli iliyolainishwa kupita kiasi linasambaa mnara mzima, na kile kizigeu cha 0.2 kinaporomoka. Wanaopaka grafiti kwenye reli ili umeme upite vizuri wasiifikishe kwenye mwinuko.

Kushuka nako kuna yake. Gia ya parafujo ndani ya kichwa hairuhusu magurudumu kuizungusha mota, kwa hiyo mabehewa yanakisukuma kichwa na kichwa kinazuia. Kama parafujo ina nafasi ya kucheza mbele na nyuma, treni itashuka kwa kuruka-ruka kama inayopiga chafya. Dawa yake ni pete nyembamba (washa) ya kuondoa nafasi hiyo, na dawa hiyo haihusiani kabisa na mshiko.

Mnara wangu niliubomoa. Niliujenga tena kwa nusu kipenyo cha sentimita 75: mzunguko ukawa sentimita 471, mwinuko asilimia 1.9, kona asilimia 1.1, jumla 3. Kwa kichwa kilekile hiyo ingeniletea mabehewa 10. Nikaongeza gramu 60 za tungsteni katikati ya bodi, mvuto ukafika 72, mlima ukachukua karibu 11, zikabaki 61. Kila behewa sasa linadai 5. Mabehewa 12 ni gramu 60, na treni inapanda yote, polepole, ikiwa imebakiza gramu moja. Ndiyo maana kabla ya kila safari napitisha kitambaa kikavu juu ya reli, kuanzia chini mpaka meza ya juu.